Jumapili za Gobnait Lehane

Nilipika katika nyumba ya maskini ya kaunti yetu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikumwona mtu aliyeingia pale huku anacheka, isipokuwa Gobnait Lehane. Alicheka kwa sababu bata mzinga wa msimamizi wetu, Bwana Sprague, alimkimbiza karani mpaka juu ya ukuta wa mawe. Ilikuwa Novemba, mwaka wa tatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Mume wa Gobnait alikuwa amefukiwa na udongo kwenye machimbo ya mfereji wiki tatu kabla, chumba chao kilikuwa kimeshapangishwa wengine, na sasa mama wa watu amesimama uani kwetu na kifurushi cha nguo kwapani, binti wa miaka kumi amemshika sketi. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akakumbuka yuko wapi, akanyamaza.

Kiingereza hakukijua. Alijua "ndiyo", "hapana", "mkate", "asante bwana", na tusi moja alilofundishwa na wachimba mfereji bila kuambiwa maana yake. Lugha yake ilikuwa ya kwao Ireland, ng'ambo ya bahari, na pale kwetu hakuna aliyeisikia isipokuwa binti yake. Hata jina lake lilitushinda. Karani alimwuliza mara tatu, akaandika "Abby" kwenye daftari, akafunga daftari. Mimi nilijitahidi nikafika Gobi, na hapo ndipo nilipokwama.

Binti aliitwa Sabina. Mwembamba, meno mawili ya mbele yamepandana, ulimi mwepesi kama kijiti cha mfukuza ndege shambani. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake.

"Bibi Vroman," ananiambia siku ya pili tu, "mama anasema supu yako ina maji mengi."

"Mwambie supu hii imepikwa na kaunti. Mimi nakoroga tu."

Akamgeukia mama yake, wakasemezana, wakacheka wote wawili.

"Anasema basi hiyo kaunti ipigwe na mafua."

Nikampenda yule mwanamke tangu hapo.

Kazi pale ilikuwa kazi. Wanaume walipasua kuni, walilima, walivunja mawe ya barabara. Wanawake walifua, walisokota sufu, walishona mashati. Watoto walikaa darasani kwa muda wa saa mbili kila asubuhi katika chumba kilichopakana na banda la kuni, wakifundishwa na Mzee Tibbits, ambaye alikuwa mwalimu kweli kabla pombe haijamfikisha kwetu. Baadaye waliokota mawe shambani, walipukuchua mahindi, walichambua viazi vilivyooza. Sabina hakujifunza hata herufi moja. Aliketi karibu na mlango, shingo imepinda, akisikiliza sauti ya mama yake kutoka dobini. Mtu akimwita Gobnait, yeye huyo, ameshachomoka kwenda kutafsiri.

Masika yalipofika wakaja wajumbe wa kaunti. Desturi ilikuwa hivi: mtoto aliyepita miaka kumi na mwenye mikono mizima hakai kula bure, hupewa mkulima mpaka atimize miaka kumi na minane, naye mkulima humlisha, humvisha, na kumpeleka shule miezi mitatu ya baridi. Sabina akapewa mtu aitwaye Doty, maili kumi na mbili kutoka kwetu. Gobnait alifikiri anakwenda kutembea. Alimsuka nywele, akampangusa uso, akampungia mkono gari lilipoondoka. Aliyekuwa na maneno ya kumweleza ndiye huyo aliyekuwa garini.

Haukuisha mwezi. Asubuhi moja nafungua mlango wa jiko, Sabina huyu hapa, nyayo zimechanika.

"We mtoto! Umetembea njia yote hiyo?"

"Nimekuja kumtafsiria mama," akasema. "Hana mtu wa kumsemea."

Bwana Sprague hakuwa mtu mbaya. Alimwacha anywe uji, akae na mama yake mpaka saa sita, ndipo akafunga farasi akamrudisha mwenyewe. Mara ya pili alikuja wakati wa kukata nyasi, akarudishwa tena. Mara ya tatu ilikuwa Oktoba, ardhi imeganda, naye kwa kuogopa baridi akavaa buti za mke wa Doty. Hizo buti ndizo zilizomponza. Safari hii hakufika. Walimkamata njiani wakampeleka kwa hakimu wa kijiji cha akina Doty, na hakimu akasema mtoto ni mtoro, mkaidi, na sasa ni mwizi, apelekwe shule ya kurekebisha wasichana mpaka atimize miaka kumi na minane. Akapandishwa treni siku ya pili yake. Mama yake hakuitwa.

Mimi niliambiwa na Bwana Sprague, nami ikawa zamu yangu kumwambia mama mtu, bila lugha. Utamwambiaje? Nilimwaga unga mezani nikachora treni kwa kidole, na msichana ndani yake, na mstari mrefu unaokwenda mbali. Gobnait aliutazama ule mchoro. Akanitazama mimi. Kisha akafuta unga wote kwa kiganja, akakaa chini sakafuni, akaanza kulia kwa namna ambayo sijaisikia kabla wala baada, sauti inapanda na kushuka kama wimbo. Wazee wa wodi ya juu walisimama kwenye ngazi na kofia mikononi. Alikuwa akimlilia maiti. Alielewa kwamba mtoto amekufa, na mimi sikuwa na namna ya kumwambia sivyo.

Baada ya hapo niliomba apewe kazi jikoni kwangu. Miaka ikaenda. Akajifunza maneno ya jikoni: kisu, chumvi, koroga, moto mkali, toka hapa. Tulikuwa tukimenya viazi pamoja siku nzima bila kuzungumza zaidi ya hayo. Wakati mwingine akisikia mlango, shingo yake inageuka kabla yeye hajakumbuka.

Sasa niseme ya Sabina, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye.

Ile shule ilikuwa jengo la matofali juu ya kilima, chini yake mto na tanuri za matofali, mji uitwao Corbin's Landing. Wasichana sitini. Kengele, maji baridi, uji, sala, kisha karakana. Kazi yao ilikuwa kusuka makalio ya viti kwa henzerani, zile fito nyembamba kama mwanzi. Viunzi vililetwa na gari la tajiri mwenye kandarasi, na wasichana waliloweka vipande vya henzerani kwenye beseni mpaka vilainike, wakavipitisha tunduni, juu, chini, mshazari huku, mshazari kule, mpaka kiti kinaita ukikigonga. Saa saba kwa siku. Henzerani hukata vidole, na maji ya beseni huingia kwenye michaniko. Halafu saa tisa alasiri, mikono imevimba na macho mazito, ndipo walipoingia darasani mpaka magharibi. Wengi walilalia vibao vyao vya kuandikia. Mwalimu wao, Bi Lavinia Crouse, binti wa mkulima, naye mwenyewe ana kifua kibovu, aliwaacha walioshindwa kabisa wasinzie kidogo, akiwasomesha walio macho.

Sabina alikataa kusoma mwaka mzima. Haoni faida. Mpaka siku moja msichana aliyeketi jirani yake, Philura Bates, akapata barua, akaisoma huku anatabasamu.

"Nani kakupa?"

"Shangazi."

"Kaja lini?"

"Hajaja, mjinga wewe. Yuko Albany."

"Sasa maneno yake yamefikaje hapa?"

Philura alicheka mpaka akapigwa rula. Lakini Sabina siku ile ile alimfuata Bi Crouse mezani akasema, "Nifundishe ile ya kufika." Na baada ya hapo, akasema mwenyewe, alikula herufi kama mtu aliyefunga siku nyingi. Karakanani alizipanga kichwani: mshazari huu ni A, msalaba huu ni T. Alianza vuli, kabla theluji ya mwisho haijayeyuka alikuwa anaandika.

Barua ziliruhusiwa moja kila miezi mitatu, na matroni, Bibi Osgood, alikuwa na barua yake ya mfano ambayo aliiandika ubaoni: *Mama mpendwa, mimi ni mzima, natendewa mema, najuta makosa yangu.* Wasichana sitini walinakili, wakatia majina. Ile ya Sabina ikafika kwetu. Gobnait alikuwa akiosha masufuria.

"Gobi!" nikapiga kelele. "Sabina! Sabina mzima! Ona!"

Alikuja mbio na sabuni mpaka viwikoni. Nikamsomea polepole, mara mbili, nikimwonyesha jina pale chini. Alisikiliza sana. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana Sabina," akasema.

"Ndiyo, ni yeye. Jina hili hapa."

"Hapana Sabina. Mtu mwingine."

Akarudi kwenye masufuria yake. Na ukiifikiria, alikuwa sahihi. Ndani ya karatasi ile hakukuwamo hata neno moja la mtoto wake.

Miezi mitatu mingine ikapita. Sabina naye alikuwa amefikiri, kwa sababu hakuna jibu lililomjia. Akakumbuka kwamba mama yake hajui Kiingereza. Lugha ya mama hakuna aliyemfundisha kuiandika. Hakujua hata kama huwa inaandikwa. Basi akaisikiliza kichwani mwake, akaiandika kwa herufi za Bi Crouse, sauti kwa sauti, jinsi mtu anavyochora nyayo za ndege. Akajaza ukurasa mzima, akaupeleka kwa matroni.

"Hii ni nini?" akauliza Bibi Osgood.

"Barua ya mama, bibi."

"Nakuuliza ni nini hii iliyoandikwa."

"Ni maneno ya mama, bibi."

"Haya si maneno, Lehane. Hiki ni kikohozi kilichoandikwa. Au ni lugha ya siri? Mnapanga kutoroka?"

Sabina alisimamishwa uso ukutani milo mitatu. Barua ikatiwa kwenye mtoto wa meza. Lakini Bi Crouse akaomba aichukue. "Nataka niichunguze, bibi," akasema, "nione kama makosa ni ya herufi au ya tabia." Akapewa. Alipofika kwao Jumamosi akaitia bahasha akaituma, na kando ya karatasi akaandika kwa penseli: *Tafadhali isomeni kwa sauti. Nadhani inataka kusikiwa.*

Ilinifikia siku ya kuoka mikate. Nikaifungua, nikaona takataka tupu. Hakuna neno ninalolijua. Nilitaka kuitia motoni, kisha nikaona ile penseli. Basi nikasimama katikati ya jiko, miwani puani, nikaanza kusoma kama mwendawazimu.

"To... ugnas... orom... a vahir."

Nyuma yangu kisu kikaanguka.

Nikageuka. Gobnait amesimama, kiazi mkononi, mdomo wazi.

"Tena," akasema.

"To ugnas orom, a vahir."

Nikaendelea. Sikujua ninachokisema. Kila mstari ulitoka mdomoni mwangu kama kokoto, na kila kokoto ilimpata. Mara anacheka, mara anaweka mkono kifuani, mara ananikatiza: "Hapana, hapana," kisha analisema neno lile lile sawasawa, na analijibu! Ananijibu mimi, kwa lugha yao, kama kwamba mimi ndiye Sabina. Tulisoma mpaka mikate ikaungua yote. Bwana Sprague akaingia akikohoa moshi.

"Bibi Vroman! Kuna nini huku?"

"Mtoto wa Gobi hakufa," nikasema.

"Lakini nani alisema amekufa?"

"Mimi," nikasema, nikaketi juu ya gunia nikalia.

Ule mstari wa kwanza nilikuja kuujua maana baadaye. Kwa lugha yao husemi una upweke. Wasema upweke umekukalia, kama mzigo au kama ndege. Upweke umenikalia, mama.

Tulimjibu. Gobnait alisema, mimi nikaandika sauti, na nadhani hakuna watu wawili waliowahi kugombana zaidi juu ya kipande cha karatasi. Nikimsomea nilichoandika anashika kichwa. "Kuku!" ananiambia, maana hilo neno alilijua. "Wewe sema kuku." Tukafuta, tukaandika upya. Barua ikapitia kwa Bi Crouse nyumbani kwao. Nyingine ikaja, na nyingine. Katika ya tatu Sabina alitaja jina la mji, na Gobnait alipolisikia akaniwekea kidole juu yake. "Wapi?" Nikamwonyesha dirishani, upande wa mto. Akainua vidole viwili: siku mbili? Nikainua vidole: siku nne, tano, kwa mashua ya mfereji. Asubuhi yake nikamkuta amefunga kifurushi.

Nikaenda kwa Bwana Sprague nikijua atakataa.

"Mtu mzima anayetaka kutoka hapa hafungiwi mlango," akasema. "Lakini huyo mama hajui hata kuuliza njia. Atapotea, Bibi Vroman."

"Alishapotea, Bwana Sprague. Huku ndiko kupotea."

Alijikuna shavu, akamtafutia nafasi kwenye gari la kabichi mpaka mferejini. Mimi niliandika kwenye kipande cha kitambaa jina lake, jina zima safari hii, na mahali anapokwenda, nikakishona kwenye shali yake kifuani. Akakitazama, akajiona kama furushi la posta, akacheka kicheko kile kile cha siku ya kwanza. Kisha akanishika uso kwa mikono miwili. Sikumwona tena.

Yaliyobaki ni ya Sabina kusimulia.

Gobnait alifika, akapanda kilima, akagonga lango. Bibi Osgood alitoka akasoma kile kitambaa, akasema kwamba kwa mujibu wa daftari mama wa Lehane ni Abby, mkazi wa nyumba ya maskini, na kwamba mzazi asiye na makao wala cheti cha wajumbe wa kaunti haruhusiwi kumtembelea mwanafunzi. Gobnait hakuelewa, ila mlango uliofungwa hauhitaji mkalimani. Akashuka kilima. Na kule chini, kwenye tanuri, kumbe! Wapiga matofali nusu yao walikuwa watu wa kwao. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alimsikia akijilalamikia barabarani akamdaka hapo hapo.

"Watu wa wapi nyie?"

Gobnait alipotaja kwao, yule mama akapiga makofi. "Karibu kwangu! Nataka mfuaji. Na hapa utapata mtu wa kugombana naye mpaka kufa."

Basi akakaa. Akafua mashati ya wapiga matofali, mekundu kwa vumbi. Na Jumapili, alipoambiwa kwamba wasichana hushuka kanisani wawili wawili, akaenda kusimama kando ya njia.

Jumapili ya kwanza hakumjua mtoto wake. Alimtafuta msichana mdogo mwenye nywele ndefu. Wakapita wasichana sitini walionyolewa sawasawa, gauni moja, kofia moja. Sabina ndiye aliyeiona shali. Kuzungumza kwenye mstari kulikuwa marufuku, na mwenye kuvunja sheria huongezewa miezi. Akajizuia, akajizuia, alipokuwa ameshapita hatua mbili akashindwa akatoa mlio. Akageuka. Mama akayaona yale meno yaliyopandana. Mstari ukaenda.

Jumapili ya pili Gobnait alikuja na rozari. Mstari ulipokaribia akainua macho mbinguni akaanza kusema kwa sauti, shanga zinapita vidoleni. Msimamizi mdogo alitaka kumfukuza. "Mwache mwanamke aombe," Bibi Osgood akasema, "hata kama anaomba kikatoliki." Kumbe Gobnait alikuwa anasema: Mbona umekonda hivyo? Wanakulisha nini? Kama unapigwa, kohoa mara moja. Kama hupigwi, kohoa mara mbili.

Sabina akakohoa mara mbili, na baada ya kufikiri akaongeza nusu.

Kujibu ndiko kulikokuwa na kazi, mpaka akagundua nyimbo. Wasichana waliimba tenzi njiani kwenda na kurudi. Sabina akachukua sauti ya utenzi akatia maneno yake: *Ni uji, mama, uji, na kesho uji tena.* Philura, aliyetembea naye, alikaribia kuanguka kwa kuzuia kicheko. Alitaka kujua maana, akaambiwa, naye akajifunza. Wiki tatu baadaye nusu ya nyuma ya mstari ilikuwa inaimba kwa sauti kuu, kwa lugha wasioijua, juu ya uji. Mchungaji alimsifu Bibi Osgood kwa bidii ya wasichana wake.

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka minne. Dakika mbili za kushuka na dakika mbili za kupanda, mvua na theluji. Gobnait alimwambia habari za nyumba ya wageni, nani kagombana na nani, ng'ombe gani kazaa, na kila mara mwishoni: Usitoroke. Wakikuongezea hata siku moja itanikuta nimezeeka. Mimi niko hapa. Sabina alisema ndani ya wiki alijipangia la kusema, akiwa ameinama juu ya kiti, analipunguza na kulipunguza mpaka lienee kwenye beti mbili.

Mwaka wa pili Bi Crouse alikufa kwa kifua chake. Hakuna aliyewaambia wasichana. Kiti chake kikapata mwalimu mwingine tu. Ni Gobnait aliyemwambia Sabina, kutoka kando ya njia, macho juu mbinguni. Na mwaka wa tatu Sabina akashikwa na homa akalazwa Jumapili saba. Mama akasimama, mstari ukapita, nafasi ya Sabina tupu. Hakuwa na wa kumwuliza. Lakini Philura alipomfikia akakohoa mara mbili, kwa nguvu, mpaka akakemewa. Jumapili zote saba alikohoa.

Sabina alitoka mwezi Machi, siku aliyotimiza miaka kumi na minane, na Biblia na gauni jipya. Mama yake alikuwa langoni tangu alfajiri. Walikwenda kukaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya wageni, na Sabina akapata kazi ya kusuka viti, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua.

Nilidhani hadithi yao inaishia hapo kwa raha. Nilimwambia hivyo Sabina nilipokwenda kumtembelea, miaka mingi baadaye, mama yake ameshafariki. Alinimiminia chai kwanza.

"Tulikuwa na furaha, Bibi Vroman," akasema. "Usifikiri hatukuwa nayo. Lakini barabarani tulikuwa na mengi ya kusema. Tulipopewa siku nzima, tukakosa."

"Mlikosa vipi?"

"Maneno yangu yalikuwa ya mtoto. Niliondoka kwake na miaka kumi na moja, na lugha yangu ilibaki na miaka kumi na moja. Nikitaka kumwambia jambo la mtu mzima, sina neno lake. Naye alikuwa bado ananisuka nywele. Ananikatia mkate vipande vidogo. Namwacha. Nilimwona ananitazama hivi, kama mtu anayetazama nyuma ya mgongo wangu, kumtafuta yule aliyemshika sketi." Akageuza kikombe. "Na mimi vile vile. Nilikuwa naye chumbani, bado nilikuwa namtamani."

Gobnait aliendelea kwenda barabarani kila Jumapili, hata Sabina alipokuwa huru na yuko nyumbani anapika. Alisimama pale pale akawasalimu wale wasichana wengine, mpaka kifua kikambana, mwaka wa sita tangu Sabina atoke. Siku za mwisho alizungumza na watu wa kijijini kwao, waliokufa zamani, na Sabina aliketi kando akishika neno moja katika matatu.

Nilikaa kwake siku nne. Anaishi peke yake karibu na mto, ana kuku, na mikono yake sasa imepinda kwa ile henzerani. Kila mwaka anasema atapanda meli aende akapaone kwao mama yake, bonde lile na kile kisima alichokuwa akikisimulia. Nilimwambia aende, asingoje mpaka awe kama mimi. Tulikuwa tunachambua maharage barazani.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nikifika, Bibi Vroman, nitasema mimi ni nani? Nitawasemesha watu wazima kwa sauti ya mtoto?"

Nikamwambia watu wa kule nadhani wameshasikia mengi, na mtoto anayeuliza njia huonyeshwa upesi kuliko mtu mzima. Alicheka kidogo. Akamwaga maganda kwa kuku, akasema labda masika, barafu ya mtoni ikishaondoka.